Mwalimu Naye ni Amana: Tulichojifunza Shule Zilipofunguliwa Wakati wa Korona



Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Wiki chache zilizopita tulikuwa na mkutano wa wazazi katika chuo tunachosomesha. Mazungumzo yalikuwa yale ya kila mwaka: paa linavuja, mikeka imechakaa, ada ya watoto hailipwi kwa ukamilifu. Tulipokuwa karibu kufunga kwa Fatiha, mama mmoja aliyeketi upande wa wanawake aliomba ruhusa ya kusema. Akasema, "Maalim, wakati wa korona walimu wa skuli walikuwa na chama cha kuwasemea. Huyu ustadh wetu mzee alikuwa na nani?"

Watu wakanyamaza. Hapana aliyemjibu, nasi tuliokuwa mbele hatukumjibu. Tulisoma Fatiha, tukanyanyuka, tukavaa viatu vyetu tukaenda zetu. Lakini swali lile halikutuacha. Makala haya ni jibu letu kwa mama yule. Limechelewa, na sehemu ya jibu hilo ni kukiri kosa.

Milango ilipofungwa

Tuanze kwa kukumbushana, kwani binadamu kaumbwa na usahaulifu. Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini Kenya alitangazwa siku ya Ijumaa, tarehe 13 Machi 2020. Jumapili ya tarehe 15, Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kufungwa kwa taasisi zote za elimu. Shule za kutwa zilifungwa kuanzia siku iliyofuata, na za bweni zikapewa siku chache za kuwarudisha watoto makwao. Hazikupita siku nyingi misikiti nayo ikafungwa, na vyuo vyetu vya Qur'ani pia. Mwezi wa Aprili safari za kuingia na kutoka Mombasa, Kwale na Kilifi zikazuiwa. Tarehe 6 Mei, nasi tukiwa ndani ya Ramadhani, Mji wa Kale ukafungiwa njia zake. Sahani za futari zilizozoea kutoka nyumba hii kwenda nyumba ile zikabaki jikoni.

Mzigo wa siku zile ulibebwa na akina mama kuliko mtu mwengine yeyote. Mama alikuwa mpishi, muuguzi, na sasa mwalimu. Taasisi ya mitaala, KICD, ilirusha masomo kwa redio na televisheni, na baadhi ya shule zilituma kazi kwa simu. Lakini nyumba nyingi zilikuwa na simu moja na watoto wanne, na bando la intaneti lilishindana na unga wa chakula cha jioni. Baba aliyekuwa akitegemea bandari, hoteli au tuktuk alikuwa ameketi barazani hana kazi. Hapa ndipo kila mzazi alipoanza kuuliza: shule zitafunguliwa lini?

Tarehe 7 Julai 2020, Waziri wa Elimu wakati ule, marehemu Profesa George Magoha, alitangaza kuwa mwaka wa masomo utahesabiwa kuwa umepotea, kwamba mitihani ya KCPE na KCSE haitafanywa mwaka huo, na kwamba shule zitangoje Januari 2021. Baadaye mambo yakabadilika. Tume ya Kuwaajiri Walimu, TSC, iliwataka walimu warudi kazini tarehe 28 Septemba kujitayarisha. Jumatatu ya tarehe 12 Oktoba, wanafunzi wa gredi ya nne, darasa la nane na kidato cha nne wakarudi madarasani.

Walimu waliuliza nini?

Kwa wale wasiovijua vyema vyama hivi, walimu wa shule za umma nchini wana vyama viwili vikubwa. KNUT, kilichoundwa mwaka 1957, kabla ya uhuru, wanachama wake wengi ni walimu wa shule za msingi. KUPPET, kilichoundwa mwaka 1998, ni cha walimu wa shule za upili na vyuo vya kadiri. Katiba yetu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 41, inampa kila mfanyakazi haki ya kuunda chama, kujiunga nacho na hata kugoma. Basi walimu waliposema kupitia vyama vyao, walitumia mlango ambao sheria yenyewe imewafungulia.

Nao waliuliza mambo ya kawaida kabisa. Maji ya kunawa yatatoka wapi? Barakoa za watoto maskini atazinunua nani? Watoto wataketi vipi ili wasipumuliane usoni? Walimu wa ziada wako wapi? Na mwalimu mwenye kisukari, pumu au presha atalindwa kwa njia gani?

Tuchukue swali moja tu, la nafasi, tulipime kwa hesabu ya nyumbani. Chukua darasa lenye urefu wa mita 8 na upana wa mita 6. Ukitaka kila mtoto awe umbali wa mita moja na nusu na mwenziwe, utapata safu tano za watoto wanne wanne. Hao ni 20, na hapo hujamwekea mwalimu mahali pa kusimama. Sasa darasa lile, katika shule nyingi za umma za pwani yetu, lina watoto 60 au zaidi, watatu watatu kwenye dawati la watu wawili. Watoto 60 wanahitaji vyumba vitatu na walimu watatu. Vyumba havikuwepo, na walimu hawakuwepo. Serikali katika mpango wake wa Mei 2020 wa kuinua uchumi iliahidi kuajiri walimu 10,000 zaidi, lakini idadi hiyo ukiigawa kwa shule za nchi nzima, shule nyingi hazipati hata mwalimu mmoja.

Kuhusu maji, wenyeji wa Mombasa hatuhitaji kuelezwa. Shule ngapi zinategemea maji ya mkokoteni? Ngapi zina kisima cha maji ya chumvi ambayo sabuni haitoi povu? Sisi watu wa kutia udhu mara tano kwa siku tunajua thamani ya birika lililojaa. Mwalimu aliyeuliza habari ya maji aliuliza jambo ambalo msikiti wowote huliuliza kabla ya adhana.

Pamoja na hayo, mabarazani petu maneno yalikuwa makali. Ilisemwa kwamba walimu ni wavivu, kwamba wamezoea mshahara wa kukaa nyumbani, kwamba chama chao kinatafuta kisingizio. Hatutaki kumsingizia mtu, basi tuseme wazi: nasi tulikuwa miongoni mwa wasemaji. Tulikuwa na uchungu wa watoto waliokuwa wakizurura mitaani, na uchungu ule ukatufanya tusisikilize.

Lakini tulikuwa na kipimo mikononi mwetu, lau tungalikitumia. Tarehe 6 Julai mwaka ule, serikali iliporuhusu nyumba za ibada zifunguliwe, iliweka masharti: waumini wasizidi 100, ibada isizidi saa moja, na asiingie mtoto wa chini ya miaka 13 wala mtu aliyepita miaka 58. Vyuo vya Qur'ani vikaambiwa vingoje. Masharti yale yalilegezwa baadaye, lakini wakati ule tuliyakubali. Wazee wetu walisali nyumbani kwa machozi, na tukawaambia kuwa kulinda nafsi ni katika dini. Sasa mwalimu wa umma hustaafu akiwa na miaka 60. Yule yule wa miaka 59 tuliyemwambia asikae saa moja msikitini penye madirisha wazi, akiuliza atakaaje darasani kutwa na watoto 60, tunamwita mvivu?

Oktoba na Novemba

Hofu haikukawia kuwa kweli, tena ilianzia kwetu. Kabla ya Oktoba kwisha, shule mbili za upili za Mombasa zilifungwa kwa muda baada ya walimu kadhaa kupatikana na virusi. Baada ya siku chache mwalimu mkuu wa mojawapo ya shule hizo akafariki dunia. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Hatumtaji jina kwa kuheshimu watu wake, lakini wanafunzi wake wanamjua, na walimuombea.

KNUT, kupitia Katibu Mkuu wake wa wakati huo, Wilson Sossion, ikataka shule zifungwe tena. Wizara ikasema hazifungwi. Tarehe 4 Novemba Rais akatangaza kwamba madarasa yaliyorudi yaendelee na masomo, na madarasa mengine yangoje Januari. Kisha Jumatatu ya tarehe 4 Januari 2021 watoto wote wakarudi. Wakati huo Wizara ilikuwa imekwisha kukiri hadharani kwamba kukaa mbalimbali hakutawezekana katika shule nyingi. Kilichobaki kuwa lazima ni barakoa na kunawa mikono, na pale palipokuwa na uwanja, watoto wasomeshwe chini ya miti.

Mwezi wa Machi chanjo za kwanza zilifika nchini, na walimu wakawekwa katika kundi la mwanzo pamoja na wahudumu wa afya na askari. Hilo lilikuwa ni kukubali kwamba mwalimu yuko mstari wa mbele. Lakini mwezi ule ule maambukizi yalipanda tena. Tarehe 26 Machi kaunti tano za Nairobi, Kajiado, Machakos, Kiambu na Nakuru zikawekewa vizuizi vipya, na masomo ya ana kwa ana yakasitishwa isipokuwa kwa watahiniwa.

Sayyidna Umar na safari ya Sham

Baadhi ya watu walisema kwamba kuuliza habari ya barakoa na nafasi ni upungufu wa tawakkul. Yaliyokadiriwa yatakuwa, walisema, basi kwa nini kuhangaika? Maneno haya tuliyasikia hata katika vikao vya dini.

Jibu lake liko katika kisa ambacho wengi wetu tulikisoma tukiwa vijana. Sayyidna Umar bin Al-Khattab (R.A.) alitoka Madina kwenda Sham, na alipofika mahali paitwapo Sargh, viongozi wa majeshi walimpokea kwa habari kwamba tauni imeingia Sham. Tauni hiyo ndiyo iliyojulikana katika historia kwa jina la Amwas, mwaka wa 18 Hijria. Zingatieni alichofanya. Hakukata shauri peke yake. Aliwaita Muhajirina akawataka ushauri, wakahitalifiana. Akawaita Ansari, nao wakahitalifiana. Akawaita wazee wa Kikureshi, hao wakaafikiana kwamba arudi na watu wake. Ndipo alipoamua kurudi.

Abu Ubayda bin Al-Jarrah (R.A.), mmoja wa masahaba wakubwa, alimuuliza kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu. Sayyidna Umar alimjibu kwa maana hii: kwamba anatoka katika kadari moja kwenda katika kadari nyengine ya Mola yule yule. Akampigia mfano wa mchunga ngamia aliyefika bonde lenye pande mbili, upande mmoja una majani na upande mwengine umekauka. Popote atakapolisha, kalisha kwa kadari ya Mwenyezi Mungu. Kisha akaja Abdurrahman bin Auf (R.A.) akawaeleza aliyoyasikia kwa Mtume (S.A.W.): kwamba watu wasiingie katika mji uliopatwa na tauni, wala waliomo wasitoke kuikimbia.

Tunapata humo mafunzo matatu. La kwanza, tahadhari haipingani na imani. La pili, kiongozi mwenye hekima huwasikiliza wote watakaobeba matokeo ya amri yake, hata wakihitalifiana. La tatu, Abu Ubayda aliuliza swali gumu mbele ya watu, na Umar hakumtukana wala hakumuita muasi. Alimjibu kwa hoja. Chama cha walimu kinapouliza, kinasimama mahali pa muulizaji. Anayestahili lawama ni yule asiyejibu.

Wanazuoni wetu wametufundisha kwamba sheria imekuja kuhifadhi mambo matano: dini, nafsi, akili, kizazi na mali. Mvutano wa shule ulikuwa mgumu kwa sababu ulikutanisha mawili kati ya hayo. Mzazi alikuwa akililia akili ya mtoto wake isife kwa ujinga. Mwalimu alikuwa akiililia nafsi yake. Wote wawili walidai jambo ambalo dini inalitambua. Kazi yetu ilikuwa kutafuta njia ya kuyahifadhi yote mawili, nasi tukachagua kulumbana.

Kosa letu wenyewe

Sasa tufike kwenye swali la mama yule.

Serikali ilipolegeza masharti, wazazi walitubana tufungue chuo. Tulikuwa na hamu nasi. Watoto walikuwa wamesahau hata zile sura fupi, na ada ndogo za kila wiki ndizo zilizokuwa mshahara wa walimu. Tulifungua. Chumba chetu kina madirisha mawili madogo upande mmoja. Bomba ni moja, na maji hutoka siku yanapotaka. Tuliwaambia watoto wavae barakoa, na baada ya juma moja zilikuwa zimeteremka videvuni.

Ustadh wetu mkubwa alikuwa amepita miaka 60. Alituomba jambo moja: asomeshe nje, barazani, na watoto waje kwake makundi makundi badala ya kuketi wote chumbani. Hakuomba nyongeza wala likizo. Tulikaa kamati tukalizungumza kwa muda wa kunywa kikombe cha kahawa. Tukaona baraza ni finyu, jua litawachoma watoto, na makundi yatavuruga nyakati. Mmoja wetu akasema, "Maalim, mtegemee Mungu," na wengine tukacheka kidogo. Naye akacheka nasi, kwa adabu yake, akarudi chumbani.

Baada ya muda akaugua. Alikaa kitandani wiki tatu. Hakupimwa, basi hatuwezi kusema kwa yakini kwamba ilikuwa korona, wala kwamba aliipata chuoni. Alhamdulillahi alipona, na hadi leo anasomesha. Lakini pumzi yake haikurudi kama ilivyokuwa. Yeye ndiye aliyewafundisha vijana wetu kuvuta madda ya harakati sita bila kukata. Sasa anapofika hapo husimama, hupumua, kisha humuashiria mwanafunzi mkubwa aendelee. Kila tunapomsikia akisimama, tunakumbuka kile kikombe cha kahawa.

Mwalimu wa shule aliyeajiriwa na TSC alikuwa na chama, na alipougua mshahara wake haukukatika. Mwalimu wa shule ya binafsi alikosa mshahara miezi mingi, na wako waliouza mboga na kuendesha bodaboda ili watoto wao wale. Ustadh wa chuo hakuwa na chama, wala bima, wala barua ya ajira. Alikuwa na sisi, nasi hatukumsikiliza. Hilo ndilo jibu la swali lako, mama yetu. Hakuwa na mtu.

Haki kwa kila upande

Uadilifu unatutaka tuseme na upande wa pili. Kufunga shule nako kulikuwa na madhara yake, na hayo yaliwaangukia wanyonge. Wako wasichana walioolewa kabla ya wakati au kubeba mimba, na hawakurudi tena darasani. Wako wavulana waliozoea kushika fedha ya ufuoni na sokoni, wakaona kitabu ni adhabu. Jirani zetu wa Uganda shule zao zilivurugika tangu Machi 2020 na hazikufunguliwa kikamilifu hadi tarehe 10 Januari 2022, na kuna watoto ambao mlango ule haukuwafungukia tena. Jirani zetu wa Tanzania, kwa upande mwengine, waliwarudisha wanafunzi wote mwisho wa Juni 2020. Kila nchi ilichagua upande wake wa bonde, na kila upande ulikuwa na gharama.

Kwa hivyo chama cha walimu kinaposema "fungeni", kinapaswa pia kusema mtoto wa maskini atasoma vipi wakati huo. Mwalimu anayelipwa akiwa nyumbani ana wajibu wa kumfikia mwanafunzi wake kwa njia anayoiweza, na tunashuhudia kuwa wako waliofanya hivyo, waliokwenda mtaa kwa mtaa na kusomesha watoto wachache wachache chini ya mwembe. Serikali nayo, inaposema "fungueni", inapaswa kuleta maji kabla ya kuleta amri.

Na sisi wazazi? Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Siku zile wako wazazi waliomtia mtoto dawa ya homa asubuhi na kumpeleka shule, ili asikose somo. Huko ni kumpelekea mwalimu hatari bila ya ridhaa yake. Ni katika misingi ya fiqhi yetu kwamba mtu asidhuru wala asidhuriwe. Mwalimu anaingia katika msingi huo kama anavyoingia mtoto.

Maswali ya kuuliza sasa

Huenda msomaji akasema: korona imepita, ya nini kuyafukua haya? Tunajibu kwamba ugonjwa umepungua lakini madarasa ni yale yale, na mabomba ni yale yale. Kipindupindu huja na mvua. Mwaka 2024, mwezi wa Mei, ufunguzi wa shule uliahirishwa nchi nzima kwa ajili ya mafuriko. Mwaka huo huo ugonjwa wa mpox ulitangazwa nchini, na mgonjwa wa kwanza alipatikana Taita Taveta, hapa hapa pwani. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa wetu tunauona.

Basi tunawaomba wazazi, na hasa akina mama ambao ndio wanaohudhuria mikutano kwa wingi, waulize mambo matano katika kila shule na kila chuo wanakopeleka watoto wao.

Kwanza, maji ya kunawa yapo kila siku, au siku moja moja? Kama hayapo, tangi linagharimu kiasi gani, na sisi wazazi tunaweza kuchangia nini?

Pili, chumba kina watoto wangapi na madirisha mangapi? Dirisha la kuongezwa ukutani ni kazi ya fundi mmoja kwa siku chache.

Tatu, mwalimu akiugua nani atashika nafasi yake, na je, ataendelea kupata riziki yake? Mtume (S.A.W.) ametufundisha kumlipa mfanyakazi ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Hatudhani kwamba jasho la homa limetolewa katika hilo.

Nne, mtoto akiwa mgonjwa tutamweka nyumbani bila ya kuadhibiwa kwa kukosa somo? Shule inayomchapa mtoto kwa kukosa siku ya homa inawafundisha wazazi kuficha.

Tano, mwalimu akiwa na hofu, anaisema wapi? Kama ana chama, tusikilize chama chake kabla ya kukitukana. Kama hana, kamati imuulize yenyewe, tena imuulize faraghani, kwa kuwa mwalimu mwenye adabu mbele ya watu atacheka tu na kurudi chumbani.

Katika chuo chetu tumeanza, ingawa tumechelewa. Baraza imeezekwa makuti, na zamu za watoto zimegawanywa mbili, alasiri na baada ya magharibi. Dirisha la tatu limekwisha tobolewa, linangoja mbao. Tumefungua mfuko mdogo wa walimu, na kila mzazi anatia anachoweza siku ya Alhamisi. Mama aliyeuliza swali ndiye tuliyemuomba aushike, naye amekubali kwa sharti kwamba hesabu isomwe hadharani kila mwisho wa mwezi. Tumekubali sharti hilo.

Tulikwenda pia kwa ustadh, sisi wanakamati wote, tukamtaka radhi. Alitukaribisha, akatupa kahawa, akasema kwamba alikwisha kutusamehe zamani. Kisha akauliza kama makuti yale ya barazani yatafika mpaka ukingoni, maana mvua ya kusi huingia kwa upande. Tulimwambia yatafika. Tumemuagiza fundi ayaongeze.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awarehemu walimu wetu wote waliotangulia mbele ya haki katika janga lile, wa shule na wa chuo, wa dini hii na wa dini nyengine waliotusomeshea watoto wetu kwa moyo safi. Awape afya waliobaki, na atujaalie sisi tuwe wenye kuwasikiliza kabla hawajaugua. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wasalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.